Jogoo wa Ngosha

Tangu wiki ile ianze, Mhoja alikuwa hakaliki. Akikaa anasimama, akisimama anaanza kutafuta kitu ambacho hakijapotea. Mashine yake ya kukoboa mpunga pale Usagara inanguruma, wateja wamepanga magunia wanangoja, mwenye mashine yuko nyuma ya banda anasoma simu. Akimaliza kusoma anaitia mfukoni, anapiga hatua kuelekea kwenye mpunga wa watu, halafu anaitoa tena.

Mkewe Paskazia alimvumilia mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Baba Precious, hiyo simu ina nini?"

"Haina kitu."

"Haina kitu, na kitandani unageuka kama chapati. Kama kuna mwanamke sema, nijue moja."

Ingekuwa mwanamke, Mhoja angejua pa kuanzia kujitetea. Shida yake ilikuwa ya aina nyingine. Jumamosi ilikuwa inakuja, na Jumamosi hiyo alitakiwa kwenda Mwanza, kwenye bustani moja ya ufukweni Ilemela, kusherehekea na watu aliosoma nao sekondari zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Na Mhoja hakusoma sekondari hata siku moja.

Jambo lenyewe lilianza kijinga, na tuseme ukweli, lilianza kwa uvivu wetu wa kuulizana majina. Katika nchi hii Msukuma hana haja ya kujitambulisha. Akishuka tu kwenye basi, ni Ngosha. Fundi ni Ngosha, muuza viazi ni Ngosha, mkuu wa idara naye akigeuka mgongo ni Ngosha. Neno halina ubaya, kwa Kisukuma ni mwanamume tu, na Wasukuma wenyewe huitana hivyo wakifurahi. Lakini ukiitwa hivyo asubuhi mpaka jioni, mwaka baada ya mwaka, kuna siku unagundua kwamba jina lako halisi linajulikana na mkeo, mama yako na watu wa kitambulisho cha taifa. Mhoja alishazoea, na wala halikuwa linamuuma.

Mmoja wa waliomwita hivyo alikuwa Collins Okeyo, Mjaluo wa Rorya, wakala wa forodha mjini Mwanza. Miaka ya nyuma alifiwa na shemeji yake, akapewa namba ya Mhoja, akaagiza mchele wa msiba kwa simu, dereva akaja kuuchukua, kazi ikaisha. Hawakuonana. Collins aliandika kwenye simu yake "Ngosha", basi, akasahau. Mwaka jana sasa likamjia wazo la kuwakusanya watu aliosoma nao shule ya bweni kule Mara. Darasani kwao walikuwamo Wajaluo, Wajita, Wakurya, na Msukuma mmoja tu, ambaye naye walimwita Ngosha. Collins alipokuwa anawaingiza wenzake kwenye grupu la wasapu akaliona jina hilo, akafurahi kwamba kumbe namba yake anayo, akabonyeza.

Mhoja alikuwa anaipaka mashine grisi. Simu ikaanza kulia mfululizo. "Karibu Ngosha." "Ngosha, tulidhani umekufa." "Mwangaluka Ngosha, ng'ombe wangapi sasa?" Akadhani ni grupu la wateja wa mchele, maana magrupu ya namna hiyo hayaishi. Akajibu kistaarabu: "Asanteni sana wapendwa, nipo, tunamshukuru Mungu."

Jibu hilo lilimtosha kwa miezi. Salamu zetu zina ajabu yake, mtu anaweza kuishi ndani yake mwaka mzima bila kusema lolote. Akiulizwa yuko wapi siku hizi, alisema yupo, anasukuma maisha. Akiulizwa familia, wazima, hofu kwenu. Picha yake kwenye wasapu ilikuwa ya dume la ng'ombe, na watu wakacheka kwamba Ngosha ni yule yule.

Alipokuja kuelewa kwamba lile ni grupu la darasa, na yeye ndani yake ni mwanafunzi wa zamani, alikuwa ameshachelewa. Alianza kuandika kwamba jamani mmekosea mtu. Akafuta. Akaandika tena. Wiki ile Precious, binti yao wa mwisho, alikuwa amelazwa Misungwi kwa malaria, na Mhoja alikuwa ameshalisema hilo. Watu wa kule wakaandika sala mpaka simu ikajaa. Mmoja wao, nesi wa Musoma, alimpigia kabisa kumwuliza mtoto anapewa dawa gani. Unawaambiaje watu wa namna hiyo kwamba huwajui? Alifuta tena, akaandika, "Amina, amina, mbarikiwe."

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulisema hata kwa Paskazia. Grupu lile alilipenda.

Alipomaliza darasa la saba alichaguliwa kwenda sekondari, yeye na wenzake wachache sana pale kijijini. Baba yake, mzee Nkwabi, hakugomba wala hakupiga mtu. Aliuliza tu ng'ombe watachungwa na nani. Nafasi ikapotea. Ng'ombe nao baadaye wakaisha kwa ugonjwa, na Mhoja akabaki bila hiki wala kile. Kwa miaka mingi shule zikifunguliwa hakupenda kupita stendi ya Misungwi, kwa sababu ya wale watoto wenye mashati meupe na matranka yao.

Sasa kwenye simu akaletewa shule nzima. Akaletewa kengele ya rimu ya lori, maharage ambayo wadudu wake walihesabiwa kuwa nyama, mwalimu Obedi wa hisabati aliyerusha chaki bila kugeuka na haikosi kichwa. Alizisoma habari zile mpaka zikawa zake. Siku moja alijikuta anamwambia mteja, "Sisi kule bwenini wali tulikuwa tunauota ndotoni," mteja akaitikia, na Mhoja akasikia raha mpaka akasikia aibu.

Ndipo Collins akatangaza sherehe. Mhoja angeweza kusingizia mguu, na mguu wenyewe ulikuwa tayari kuuma. Kilichombana ni ujumbe wa mwanamke mmoja, Evelina Apiyo, mwalimu wa shule ya msingi huko Rorya, ambaye siku zote kwenye grupu alikuwa kimya. "Ngosha, wanasema utakuja. Nilikuwa siji, sasa nitakuja. Nina neno lako nimelibeba tangu kidato cha tatu. Si la kuandika."

Neno gani? Hapo ndipo usingizi ulipokatika. Huenda Ngosha yule alimpenda huyu mama. Huenda alimkosea. Huenda kuna mtoto. Kila alichowaza kilikuwa kibaya kuliko kilichotangulia, na chochote kitakachokuwa hakikuwa chake. Salamu hazina mwenyewe, alijiambia, ukizipokea hujamwibia mtu. Lakini neno lililobebwa miaka yote hiyo lina mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Asipokwenda, mama wa watu atafunga safari ya bure. Akienda akanyamaza, atakula cha mtu.

Mchana mmoja, akiwa amekaa juu ya gunia la pumba, likamjia jambo jingine. Je, yule Ngosha mwenyewe akitokea? Mtu anaweza kumpa habari, akaja zake. Watasimama pale Ngosha wawili na watu wote wanaangalia. Jasho lilimtoka, na katika jasho lile akajikuta anaomba kwamba yule mtu awe alishakufa. Alipotambua anachokiomba aliinuka kwenye gunia. Mtu hamjui, hajamkosea, na yeye anamwombea kifo ili apate kukaa na darasa lake akanywa soda. Alijichukia siku ile kuliko siku yoyote anayoikumbuka.

Jioni akamweleza Paskazia yote. Paskazia kwanza alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka.

"Nenda ukawaambie," alisema. "Ila umwambie huyo mama kwanza, kabla hajafungua mdomo. Akishakupa neno lake hutaweza kumrudishia."

Jumamosi ikafika. Kamati ya sherehe ilikuwa imemtumia tisheti ya kijani kwa basi, kila mmoja na jina lake la shule mgongoni. Yake imeandikwa NGOSHA kwa herufi kubwa. Mhoja aliivaa, akajiangalia, akavaa jaketi juu yake, akafunga zipu mpaka shingoni. Akapanda pikipiki yake akashika barabara ya Kisesa. Kabla ya kufika mbali akageuza. Akaiona mashine yake imefungwa, akaona hana la kufanya pale, akageuza tena. Igoma akasimama akanywa soda ambayo hakuitaka.

Buzuruga, penye msongamano wa magari ya stendi, mtu nyuma yake akapaza sauti, "Ngosha, sogea basi." Alidhani amejulikana. Kumbe ni bodaboda tu, ameona mwanamume mrefu mweusi kwenye pikipiki ya shamba akamaliza. Mhoja akasogea.

Bustanini walikuwa wamefunga maturubai kando ya maji, muziki upo, harufu ya sato wanaochomwa inatembea kila mahali. Hata hajavua helmeti vizuri, Collins Okeyo, mtu wa tumbo na sauti, alishamkumbatia.

"Mwangaluka Ngosha," Collins alisema, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, na ilikuwa mchana umeshapinda. "Jamani, njooni mumwone. Hajabadilika hata kidogo."

"Macho ni yale yale," alisema Okal, ambaye kwenye grupu ndiye mwenye mizaha. "Huyu ningemjua hata gizani."

Wakamzunguka, wakamshika mabega, wakamwambia amenenepa kidogo lakini sauti haijabadilika. Mhoja alicheka nao. Ilimwingia furaha ya kweli. Kila mtu alimkumbusha jambo alilofanya. Unakumbuka ulivyoanguka na sufuria la uji? Anakumbuka. Unakumbuka ulivyokuwa unalala na mpira wa kandanda ukiwa mto? Anakumbuka hilo pia.

Akamvuta Collins pembeni. "Collins, nina neno, ni la haraka."

"Utasema kwenye maiki. Leo kila mtu atasema."

"Hili si la maiki."

"Ngosha, vua hilo jaketi, unatokota," Collins alisema, akaitwa na watu wa picha, akaondoka.

Wakampeleka kumsalimia mwalimu Obedi. Mzee alikuwa ameketi mbele, fimbo katikati ya magoti, macho yameingiwa na ukungu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Huyu ni nani?"

"Ni Ngosha, mwalimu," Okal alisema.

"Ahaa. Ngosha." Mzee alitabasamu. "Yule wa baiskeli."

Wote waliokuwa karibu wakacheka, tena kicheko cha watu wanaojua. Mhoja akacheka naye, akiwa hajui baiskeli gani. Habari zote za shule alizisoma, ya baiskeli hakuna aliyewahi kuiandika. Hapo akaona waziwazi kwamba ardhi anayoikanyaga si yake.

Evelina Apiyo aliingia watu wakiwa wameshaanza kuketi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mvi alizoziacha wazi, na kwapani amembeba jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Amekuja naye kutoka Rorya kwenye basi. Alisalimia watu, akamlaza jogoo chini ya kiti chake, kisha akatafuta kwa macho mpaka akampata Mhoja. Alimwangalia kitambo, uso haukucheka wala haukununa. Mhoja alisimama, akakaa, akasimama, akaenda.

"Mama, shikamoo. Samahani. Kabla hujasema chochote, kuna jambo."

"Shikamoo ya nini, si tulisoma wote?" Apiyo alisema taratibu. "Kakae. Na mimi nina langu."

"Mama, ni kuhusu hilo hilo."

"Nimelikalia miaka hii yote, usinivurugie sasa. Tena nataka wasikie wote. Walicheka wote, na wasikie wote."

Collins alikuwa ameshamtaja kwenye maiki. Apiyo akainuka na kumwacha Mhoja amesimama mikono hewani, midomo bado inatafuta neno la pili.

Apiyo hakuwa mtu wa maiki. Aliishika mbali na mdomo, wakamwambia aisogeze.

"Mnamkumbuka Ngosha wa baiskeli," alianza, na watu wakaanza kucheka tena. Alingoja wanyamaze. "Mimi sikumbuki kama mnavyokumbuka ninyi. Asubuhi ile nililetewa habari kwamba baba yangu amefariki na anazikwa kesho yake. Mvua ilikuwa imekata barabara, magari hakuna. Mkuu wa shule akasema nisubiri Jumatatu. Nikakaa nyuma ya jiko ninalia. Ngosha alikuja kuchukua maji, hatukuwa tumezoeana, alikuwa amehamia kwetu mwaka ule ule. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia. Akachukua baiskeli ya mpishi, hakumwomba mtu, akaniambia panda."

Bustani ilianza kutulia. Aliyekuwa anachoma samaki naye alisimama na koleo mkononi.

"Alinipakia siku nzima. Penye tope alishuka akasukuma nikiwa juu, hakutaka nichafuke nikaingia msibani mchafu. Mtoni aliivusha baiskeli begani, akarudi akanivusha mimi. Nilimwona baba yangu kabla hajafunikwa. Ngosha alipewa uji, akaunywa amesimama, akageuza baiskeli akarudi shule. Aliporudi mkasema ametoroka na msichana na ameiba baiskeli. Akachapwa mbele ya mstari, akasimamishwa, na ninyi mkatunga wimbo. Niliporudi nilikuta wimbo tu, yeye hayupo. Nilimtazamia arudi, hakurudi. Sikuwahi kumwambia asante. Nina wajukuu sasa, nimezika watu wengi, na kila ninaposimama kwenye kaburi namkumbuka yule kijana."

Alirudi kwenye kiti chake, akamtoa jogoo, akaja moja kwa moja mbele ya Mhoja.

"Kwetu mtu aliyekufikisha kwa baba yako humshukuru mikono mitupu. Pokea."

Watu walianza kupiga makofi. Mhoja aliangalia jogoo, kisha mikono ya yule mama. Angeweza kunyoosha mikono tu. Ingekwisha, mama angerudi Rorya amepumua, darasa lingebaki lake, na hakuna hata mmoja pale ambaye angejua.

"Sipokei, mama," alisema. "Mimi siye."

Wakacheka wakidhani ni unyenyekevu. Akafungua zipu ya jaketi, ingawa hakujua kwa nini, labda kwa joto.

"Mimi naitwa Mhoja Nkwabi. Nakoboa mpunga Usagara. Sekondari sikusoma. Collins, uliwahi kununua mchele wa msiba kwangu, ukaniandika Ngosha. Mliponiingiza kwenye grupu nikajibu salamu, halafu nikashindwa kutoka. Mliniombea mtoto. Nisameheni."

Collins alikuwa ametoa simu yake anaifunua kwa kidole, anatafuta kitu ambacho angetaka asikione, na usoni ilionekana amekiona. Okal ndiye aliyesema kwanza.

"Mwaka mzima unatuchekea?"

"Sijawachekea hata siku moja," Mhoja alisema, na machozi yakamlengalenga, mtu mzima na tisheti yake. "Niliwapenda tu."

Mtu nyuma akatamka neno tapeli. Mwingine akamwambia anyamaze. Apiyo hakumgombeza. Alikuwa bado na jogoo mikononi, anamtazama Mhoja kwenye paji la uso.

"Nilitilia shaka nilipokuona," alisema. "Yule nyusi yake ilikatwa katikati na pembe ya ng'ombe. Nikajiambia labda kovu hufutika." Akageukia wengine. "Sasa yeye yuko wapi?"

Hilo lilikuwa swali la kazi, na Collins alilidaka kwa nafuu ya mtu aliyepata pa kushika.

"Tutamtafuta, dada yangu. Leo leo. Siku hizi hapotei mtu, nina jamaa polisi, nina jamaa kwenye vitambulisho, nina watu Shinyanga na Geita." Kidole chake kilikuwa juu ya simu, tayari. "Nitajieni tu jina lake kamili."

Walianza kutazamana.

"Masanja," mtu alisema.

"Siyo Masanja. Masunga."

"Shija, kama sikosei."

"Maganga?"

Mhoja alisikia wanavyotaja. Walikuwa wanataja kila jina la Kisukuma walilowahi kulisikia, majina ya wachezaji wa mpira, ya madiwani, ya mafundi wao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anakumbuka. Walikumbuka sufuria la uji, walikumbuka alivyolala, walikumbuka wimbo wote na maneno yake. Kidogo kidogo sauti zikapungua mpaka zikakoma.

"Mwalimu," Collins alisema, akainama karibu na mzee Obedi. "Wewe ulikuwa unaita mahudhurio."

Mwalimu Obedi aliizungusha fimbo yake kwenye majani.

"Alikuwamo kwenye rejista, lazima alikuwamo," alisema. "Lakini nikifika kwake nilikuwa nasema Ngosha, naye anaitika." Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo waliisikia wote. "Mimi ndiye niliyemchapa. Hata asubuhi ile nilisema, Ngosha, njoo mbele."

Wakamgeukia Apiyo, kama watu wanaomgeukia wa mwisho. Apiyo alitikisa kichwa.

"Nilikaa nyuma yake siku nzima nimemshika shati," alisema. "Sikumwuliza."

Collins alibaki na kidole juu ya simu mpaka kioo kikazimika chenyewe. Mtu akaleta chakula, maana chakula kilikuwa tayari. Walikula, wakapiga picha, wakakata keki. Hakuna aliyemfukuza Mhoja na hakuna aliyemwambia abaki. Nesi wa Musoma alimletea sahani akamwuliza Precious anaendeleaje. Akajibu kwamba ni mzima, na safari hii aliongeza kwamba yuko kidato cha pili na anapenda kemia. Lakini hakuweza kutulia kwenye kiti. Alimaliza samaki wake amesimama, akaenda kwenye pikipiki.

Apiyo alimfuata na jogoo.

"Huyu sirudi naye Rorya," alisema. "Nilishamtoa. Wewe ndiye unayeishi kwao. Mtafute, umpe."

"Mama, Usukuma ni mkubwa."

"Najua. Njiani aliniambia kwao kuna jiwe, ukiligonga linalia. Ni hilo tu alilonisimulia."

Mhoja alitaka kumwambia kwamba kwao mawe hayana idadi, na yanayolia huenda yako mengi kuliko anavyodhani. Lakini alikumbuka ule mchana juu ya gunia la pumba, na yule mtu aliyemwombea kifo. Akanyoosha mikono akampokea jogoo, mzito, wa moto, moyo wake unadunda kwa kasi ndani ya manyoya.

"Ukimpata mwambie nilifika kwa baba," Apiyo alisema, akarudi kwa wenzake.

Mhoja alirudi nyumbani polepole, jogoo akiwa ndani ya jaketi, kichwa nje. Igoma mwanamke wa mahindi akamwita, "Ngosha, chukua la moto." Kisesa fundi wa matairi akamwita, "Ngosha, upepo huo mdogo." Alizoea kuitika bila kufikiri. Safari hii kila alipoitwa aligeuka akamtazama aliyemwita, na kila alipoona mwanamume wa umri wake kando ya barabara, alimwangalia nyusi. Karibu aingie mtaroni.

Alifika Usagara jua bado lipo. Hata hajashuka, simu ikalia. Alidhani wamemtoa kwenye grupu. Ulikuwa ujumbe wa Okal, yule yule aliyekasirika. "Ngosha, umefika salama?" Chini yake watu wengine walishaanza kuandika hivyo hivyo. Ngosha tujulishe. Ngosha pole na safari. Mhoja alisoma, hakujua acheke au alie, akaandika, "Nimefika, tunamshukuru Mungu." Akafikiri kidogo, akaongeza neno moja, "Mhoja."

Paskazia alitoka ndani, akaona kichwa chekundu kinachungulia kwenye jaketi la mumewe.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakakupa na jogoo?"

"Si wangu." Mhoja alichana kipande cha kitambaa chekundu kwenye mfuko wa zamani wa mpunga, akapiga magoti, akaanza kumfunga jogoo mguuni ili asije akachanganywa na wengine akachinjwa. Fundo likawa linamponyoka. "Asichinjwe huyu. Ana mwenyewe."

"Wa nani?"

"Wa Ngosha."

Paskazia aliinama akakitazama kile kitambaa.

"Ngosha gani?"